Kaimba Opera Ulaya, Leo Anafundisha Darasa la Tatu: Kashuka?

Sijui ni upepo gani umepita kati ya Moshi na Arusha mwezi huu, watu wanne wasiojuana wameniandikia habari za waimbaji wa opera (lile igizo linaloimbwa badala ya kusemwa) na shule za msingi. Nimeziweka meseji zao pamoja, kila moja na jibu langu chini yake. Nyie wa maswali ya kibodi za sherehe vumilieni, zamu yenu inakuja.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Pasua hapa Moshi. Shule anayosoma mwanangu wa darasa la tatu wameleta mwalimu mpya wa muziki, kwenye kikao cha wazazi tukaambiwa huyu ni mwimbaji wa opera kabisa, kaimba Ulaya kwa kulipwa. Na ada ikapanda hapohapo. Sasa najiuliza mtu aliyefika huko anarudije kuja kufundisha watoto wadogo do re mi, si ndo kusema mambo yalimwendea kombo? Mume wangu anasema tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Na jingine, mtoto siku hizi akiingia kuoga anapiga ukelele mpaka jirani anauliza kuna nini, naogopa atakuja kuharibu koo. Nisaidie.

Marahaba mama, na baba watoto msalimie. Hilo la mbuzi kwenye gunia ntalirudia, maana ana hoja, ila haipo pale anapodhani ipo.

Tuanze na kombo. Hii fikra tunayo wengi, kwamba shule ya msingi ni kituo cha kushukia, ukimkuta mtu wa kipaji yuko na watoto basi ujue gari lilimharibikia njiani. Sasa mchukue Luciano Pavarotti, yule Mtaliano mnene wa ndevu mwenye kitambaa cheupe mkononi, hata asiyejua opera ni nini ashamwona kwenye TV. Yule alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Miaka miwili kabisa. Alizaliwa 1935 Modena, baba yake muoka mikate na mwenyewe alikuwa tenori (sauti ya juu ya kiume) mzuri tu, wakawa wanaimba baba na mwana kwenye kwaya moja ya wanaume pale mjini kwao, na mwaka 1955 kwaya hiyo ikaenda mashindanoni Llangollen, Wales, ikarudi na ushindi wa kwanza. Mwenyewe alikuwa akisema ushindi ule ndo uliomfanya aitamani kazi ya kuimba. Nyumbani wakakubaliana atakula na kulala bure mpaka afikishe miaka 30, akiwa hajatoboa mpaka hapo akajitafutie maisha kivyake. (Wazazi wa Kichaga mnasomaga hii? Miaka 30!) Akatoboa akiwa na 25, mwaka 1961, jukwaa la Reggio Emilia. Kwahiyo watoto walitangulia, jukwaa likafuata.

Mwingine ni Kathleen Battle, Mmarekani mweusi, soprano (sauti ya juu ya kike) nyembamba tamu kama filimbi. Kazaliwa 1948 mji unaitwa Portsmouth, jimbo la Ohio. Alimaliza shahada ya pili ya muziki Cincinnati, halafu akaingia shule ya serikali humohumo mjini, akafundisha muziki darasa la tano na la sita kwa miaka miwili huku pembeni anaendelea kunoa sauti kwa mwalimu wake. 1972 akapata nafasi ya kuimba kwenye tamasha la Spoleto kule Italia, 1977 akawa anasimama Metropolitan Opera, jumba la opera la New York. Nani angemwambia kashuka?

Na usiende mbali hivyo. Ule wimbo mwanao anauimba mstarini kila asubuhi, Mungu Ibariki Afrika, muziki wake aliutunga Enoch Sontonga mwaka 1897, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg ambaye alikuwa pia na kwaya yake. Ticha wa watoto. Leo nchi nzima tunasimama wima kwa kazi ya ticha.

Sasa kwa nini mtu aliyeko kwenye fani sasa hivi afundishe? Sababu moja haina mapenzi ndani, ni hela. Waimbaji wengi wa opera hawana mshahara wa mwezi, wanalipwa kwa onyesho, ukiugua mafua siku ya onyesho na hela imeugua. Ujerumani kidogo kuna unafuu, wana majumba ya opera zaidi ya 80 na mengi yanaajiri waimbaji wa kudumu, ila kwingine ni kuhangaika na begi uwanja hadi uwanja. Korona ilivyoingia ndo watu wakaona. Metropolitan Opera ilifunga milango Machi 2020 ikaja kufungua Septemba 2021, na wanakwaya na wapiga vyombo wake walikaa miezi na miezi bila kulipwa. Watu wa jukwaa la juu kabisa Marekani hao. Ukimkuta mmoja wao kaamua kushika darasa mchana na kuimba wikiendi, mi namwona kama fundi cherehani mzuri anayefundisha VETA asubuhi na jioni ana mashine yake kibarazani, hujawahi kumwambia yule kafeli ushonaji.

Sababu ya pili ya mapenzi ipo, ila hiyo muulize mwenyewe, usiniulize mimi.

Haya, gunia la mumeo. Hoja yake ingekuwa hivi: kuimba vizuri na kufundisha watoto kuimba ni kazi mbili. Mimi utotoni nilifundishwa kwaya na bwana mmoja mwenye besi inayotikisa vioo vya kanisa, mwaka mzima tulichofanya ni kumsikiliza yeye. Tulimwogopa tulimpenda tukatoka kapa. Kwahiyo cheti cha Ulaya kisikutishe wala kisikulaze usingizi, omba ukakae nyuma ya darasa kipindi kimoja tu, usikilize nani anaimba zaidi, mwalimu au watoto. Akiwa yeye ndo anaimba na watoto wanapiga makofi, mumeo kashinda.

Halafu sikiliza urefu wa sauti. Kama mwalimu ni mwanaume sauti yake iko chini ya watoto kwa oktavu nzima, yaani toka do mpaka do inayofuata, asipokuwa mjanja watoto watamfuata hukohuko chini, utasikia darasa zima linakoroma kama jenereta. Anayejua kazi atapandisha sauti yake, au atawapa nota kwa filimbi, au atamchagua mtoto mmoja mwenye sikio awaanzishie wenzake. Na asiwafundishe ule mtikisiko wa sauti wa opera. Nyuzi za sauti za mtoto ni fupi na bado laini, mwanaume mzima zake zinakaribia sentimita 2, sasa mtoto wa miaka tisa akilazimishwa kutoa sauti nzito ya kikubwa anaibana shingo. Mtoto aimbe kama mtoto, sauti nyepesi, ya juu, bila kupiga kelele. Ukisikia hivyo ujue pesa yako iko salama. Na hiyo nyongeza ya ada, waulize ni vipindi vingapi kwa wiki na watoto wangapi darasani, hilo ni swali la haki na wasikununie.

Ukelele wa bafuni sasa. Bafu lina ukuta mgumu, sauti inarudi tamu, hata mimi na uzee huu naimba humo. Inaelekea mwanao ndo kaigundua ile sauti yake ya juu na anaichezea kama toi jipya. Mwache. Cha kuangalia ni asubuhi yake: akiamka sauti imekwaruza, au anashika koo anasema linauma, hapo mpumzishe na umwambie mwalimu. Kama anaamka salama, basi jirani ndo wa kuvumilia.

Mwalimu, mimi mzee wa Marangu. Nimemwona kwenye televisheni baba mmoja mnene anaimba hiyo opera, hana maiki, ni kelele tupu. Hayo ndiyo mnataka wajukuu zetu wafundishwe? Kwaya yetu ya kanisani ina kasoro gani?

Shikamoo mzee wangu. Kasoro haina, na ntaanzia hapohapo. Opera kwa ufupi ni igizo ambalo badala ya kusemwa linaimbwa, mara nyingi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ala za muziki chini yake. Ilizaliwa Italia, ile ya zamani kabisa ambayo muziki wake bado upo ilichezwa Florence mwaka 1600. Maiki hazikuwepo basi ikabidi watu wajenge sauti, na mpaka leo ndo utaratibu. Metropolitan inaingiza watu karibu 3800 na mwimbaji anasikika mpaka yule wa kiti cha mwisho juu, na okestra inapiga wakati huohuo.

Wanafanyaje? Mzee umeshapita stendi ya Moshi mjini. Injini zinanguruma, honi, wamachinga, lakini yule konda anayeita "Arusha Arusha Arusha" unamsikia ukiwa bado ng'ambo ya barabara. Hana nguvu kuliko injini, ila sauti yake inachonga mahali ambapo injini haipo. Mwimbaji wa opera, wanaume hasa, ni hivyohivyo. Okestra mngurumo wake mkubwa uko kwenye mitetemo kama 500 kwa sekunde, yeye kwa mazoezi ya miaka anaikusanya sauti karibu na 3000, ambapo vyombo vimepungua na sikio la binadamu ni jepesi. Ndo maana kwenye TV unaona kama anakupigia kelele, spika ya TV inakuletea ukali bila ukumbi. Ukimsikia ukumbini ni habari nyingine.

Na kwaya yenu ya Marangu, ile d r m f s l t mnayoandikiwa kwenye makaratasi, ni solfa iliyoenezwa na John Curwen kule Uingereza karne ya 19, wamisheni wakaisambaza Afrika. Afrika Kusini wameshikilia solfa hiyohiyo, wanaimbia nyimbo za opera kwenye mashindano ya kwaya, na humo ndo wametoka waimbaji walioteka majukwaa ya Ulaya. Kwahiyo wajukuu waende kwaya. Opera wakiikuta mbeleni hawataikuta mgeni.

Mwl mambo vipi, mi niko Sakina Arusha, nna miaka 23, naimba tenori kwaya ya vijana na nina cheti cha ualimu wa msingi ila ajira bado. Nikiangalia klipu za opera usiku nywele zinasimama kabisa. Je naeza kusoma wapi hii kitu, na je naeza nikawa vyote mwalimu na mwimbaji wa opera au ni ndoto za mchana?

Mdogo wangu, poa. Nikwambie ukweli wa bei kwanza: hapa kwetu hamna jumba la opera linaloajiri mtu, kwahiyo ukitaka kuimba opera kama kazi lazima siku moja uvuke mpaka. Hiyo ndo sehemu ngumu, na yeyote anayekwambia kuna njia ya mkato ya laki kadhaa kwenda Ulaya kuimba, mblock.

Ila pa kuanzia papo na si mbali na wewe, panda gari la Usa River, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira wana shahada ya muziki. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa pia, TaSUBa. Kabla hujaenda kokote jifunze kusoma nota za mistari, maana solfa itakubeba kwaya nzima lakini ukifika mlango wa opera utapewa karatasi la mistari mitano na hakuna wa kukutafsiria. Na kinanda kidogo, angalau uweze kujipigia sauti yako mwenyewe.

Lugha zitakusumbua, Kiitaliano, Kijerumani, Kifaransa, ila una bahati moja ambayo Mwingereza hana. Sisi a e i o u zetu ni safi, hazipindi katikati, na Kiitaliano kinachoimbwa kinataka irabu hizohizo safi. Mwingereza anafundishwa miaka kuacha kupindisha irabu, wewe ulizaliwa nazo.

Umri usikutishe, sauti ya kiume huendelea kukomaa hadi karibu na miaka 30 hivi, ndo maana nakuonya usijilazimishe nyimbo nzito unazoziona kwenye klipu, zile ni za watu wazima wa koo. Na usidhani lazima uwe umezaliwa nazo nyumbani. Pretty Yende, msichana wa Piet Retief Afrika Kusini, aliyezaliwa 1985, alikuwa na miaka 16 aliposikia kipande cha muziki kwenye tangazo la ndege la TV, kesho yake akamuuliza mwalimu wake shuleni ile ni nini, akaambiwa inaitwa opera. Mwaka 2013 akaimba Metropolitan, Mei 2023 akaimba London siku Mfalme Charles anatawazwa. Angalia pale katikati kuna nani? Ticha aliyejua jibu. Huyo hata jina lake halitajwi sana, na mi kila nikisimulia hii stori namfikiria yeye kuliko hata Yende.

Kuwa vyote inawezekana, ila panga sauti yako kama mtu anavyopanga mafuta ya pikipiki. Waimbaji wa opera wakishaimba jukumu kubwa huwa wanapumzika siku mbili tatu kabla ya kurudia, sasa wewe ukiongea darasani kutwa nzima alafu jioni ukadai nota ya juu, siku moja itagoma. Kila nikikutana na mwalimu mwenye mazoezi mazito jioni namwambia siku hiyo asimamie kazi za kuandika.

Na hicho cheti usikidharau. Hungaria bwana mmoja mtunzi mkubwa, Zoltán Kodály, alishikilia kwamba mtoto wa shule ya msingi aimbe kila siku, mwaka 1950 ikafunguliwa shule ya msingi ya kuimba mjini kwao Kecskemét, na njia yake ya solfa na ishara za mikono inatumika nchi nyingi. Mtu anayejua sauti na anajua pia kukaa na watoto sitini ni adimu. Wewe nusu ya pili unayo tayari, wengi wa Ulaya wanaitafuta ukubwani.

Mwalimu mwenzangu habari za kazi. Nafundisha shule ya serikali huku Ngaramtoni, darasa la watoto 90 na kitu. Sanaa na Michezo nimepangiwa mimi eti kwa sababu niko kwaya, sina kinanda sina chochote. Ikifika Alhamisi sauti imekata. Natafuna tangawizi na karafuu wapi. Hawa waimbaji wa opera wanatumia dawa gani?

Nzuri mwenzangu, pole sana. Dawa yao kubwa ni kunyamaza, sema wewe hulipwi kwa kunyamaza.

Tangawizi tafuna kama unaipenda, ila kitu unachomeza hakigusi nyuzi za sauti hata kidogo, kinapita njia ya chakula, na kingepita kule ungepaliwa. Maji nayo hayazigusi, yanazifikia kwa kuzunguka mwilini, ndo maana unywe tangu asubuhi, usingoje koo likauke kipindi cha nne. Kinachozifikia moja kwa moja ni hewa, kwahiyo mvuke unasaidia, jifukize maji ya moto matupu jioni, usiweke majani makali ya nyungu, na sufuria iwe mbali na watoto. Vumbi la chaki lile ukifuta ubao lowesha kitambaa.

Usinong'one ukidhani unapumzisha, kunong'ona kwa nguvu kunachosha koo vilevile. Ongea kidogo kwa sauti yako ya kawaida. Na kuwaita watoto 90 usitumie koo, piga makofi mdundo fulani nao waujibu, ndani ya wiki mbili utaona wananyamaza wenyewe ili wapige. Hicho tayari ni kipindi cha muziki umefundisha. Lakini sauti ikikwaruza wiki tatu mfululizo bila kurudi, acha hizi habari zangu, nenda hospitali yenye daktari wa masikio, pua na koo, KCMC hapo Moshi wapo, waangalie nyuzi zenyewe.

Kuhusu kukosa vyombo, Mwingereza Benjamin Britten mwaka 1958 alitoa opera ya safina ya Nuhu, ikachezwa kanisani kijiji cha Orford, watoto wa kawaida tu ndo wanyama, waumini nao wakiimba tenzi kutoka vitini. Matone ya mvua ya gharika aliyapata vipi? Vikombe vya chai vimetundikwa kwenye kamba, mtoto anavigonga na mwiko wa mbao. Stori ya Nuhu watoto wako wanaijua, wanyama unao 90, nyimbo za kanisani mnazo. Waambie kila mmoja aje na kikombe kibovu toka nyumbani. Visiwe vya plastiki, havilii.